Usipime Kompyuta ya Gemu Kwenye Kiyoyozi Chako

Leo naongea na wale tunaouza kompyuta za gemu mtandaoni, hasa hizi za kuunga: unakusanya prosesa na madabodi za mtumba, unaongeza RAM na SSD, unaweka kadi ya gemu, unafunga kwenye kasha jipya la kioo lenye taa, unapiga picha, unapost. Na wewe wa laptop usiondoke, yako ipo huko chini.

Somo ni joto la prosesa. Ada ya somo hili nimeshalipa kwa hela yangu, ndiyo maana naliandika.

Mwaka jana mwezi wa pili nilimuuzia kijana mmoja wa Morogoro mashine mbili kwa mpigo. Zote zina Core i7-4790, RAM ya GB 16 na kadi ya GTX 1650. Alikuwa anafungua chumba cha gemu karibu na chuo, wanafunzi wanalipa kwa saa. Hela alikopa kikoba na rejesho ni kila Jumamosi. Aliniambia hayo wakati anaomba nipunguze bei. Nilipunguza, ila si sana.

Mimi kabla ya kutuma mzigo huwa napima. Niliendesha jaribio la dakika kumi jioni, kiyoyozi cha ofisi kinapuliza, nikaona prosesa imefika nyuzi 76. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia na maneno haya: "Bosi, mashine zako ziko baridi kabisa." Asubuhi nikapeleka mzigo stendi ya Magufuli.

Siku ya tatu akanitumia sauti. "Dada, gemu linaanza vizuri, likifika kama robo saa linakuwa zito, yaani mtu anakimbia anasimama, anakimbia anasimama. Na hii mashine moja imejizima mara mbili mteja akiwa katikati ya mechi."

Nikamjibu jibu ambalo wengi wetu tunalo mfukoni: "Hiyo itakuwa umeme wa huko kaka, tafuta stabilaiza."

Akanunua stabilaiza. Shilingi 65,000. Tatizo likabaki vilevile. Jumamosi ya rejesho ikapita, wanafunzi wameanza kumwambia mashine zake mbovu, na yeye akaandika chini ya tangazo langu, watu wote wanaona: "Huyu dada anauza mashine zinazozima." Sikulifuta. Nilitaka sana kulifuta. Nikamwomba tu anipigie video, afungue programu ya kupima joto, anionyeshe. Prosesa ilikuwa inasoma 100.

Kwanza tuelewe nyuzi 100 ina maana gani. Prosesa ina kikomo cha joto ilichowekewa kiwandani. Kwa i7-4790 ni nyuzi 100. Ikigusa pale inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue: badala ya kukimbia gigahezi 3.6 na zaidi, inashuka chini, ikipoa inapanda, ikichemka inashuka tena. Mteja hayaoni hayo, anachoona ni gemu zito. Kama hata kupunguza mwendo hakusaidii na joto linaendelea kupanda, mashine inajikatia umeme. Kwa hiyo uzito na kujizima vyote vilikuwa ni prosesa inajilinda, na mimi nikasingizia umeme.

Sasa mbona kwangu ilikuwa 76?

Hapa ndipo nilipokosea, na nahisi tuko wengi. Hitisinki na feni haviwezi kuipoza prosesa ikawa chini ya joto la chumba, maana vinatumia hewa ya chumba hichohicho. Kinachokuambia ubora wa upoozaji si ile namba ya kwenye skrini peke yake, ni tofauti kati ya prosesa na chumba. Ofisini kwangu chumba kilikuwa nyuzi 24. Toa kwenye 76, tofauti ni 52. Chumba cha yule kijana ni cha bati, hakina dari, saa nane mchana kinafika 35. Jumlisha 52, unapata 87, na hapo mashine haijaharibika chochote. Hesabu hii si kamili kama ya mizani ya dukani, lakini inakaribia sana. Chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda kama kumi.

Nilimtumia mtu wa chumba cha 35 picha ya chumba cha 24, halafu nikamwambia ziko baridi kabisa.

Bado kuna nyuzi 13 kati ya 87 na 100. Sehemu ya kwanza niliiona kwenye video hiyohiyo. Fundi seremala alimtengenezea kabati la mbao ili wanafunzi wasiguse waya. Kabati lina mlango mbele na mgongo wake umezibwa. Hewa ya moto inatoka nyuma ya mashine, inagonga mbao, inazunguka, inaingia tena mbele. Mashine inavuta pumzi yake yenyewe. Nikamwambia atoe mashine zote mbili kabatini, aziweke juu ya meza, mgongo ukae mbali na ukuta kama upana wa kiganja. Ile ya kwanza ilishuka papo hapo ikaacha kuwa nzito. Ile inayojizima haikubadilika sana. Hiyo nikamwambia airudishe kwa gharama yangu.

Ilipofika sikuifungua haraka. Saa saba mchana nikazima kiyoyozi, nikafunga madirisha, nikanunua kipimajoto kidogo cha chumba nikakiweka mezani karibu na mbele ya mashine, pale inapovutia hewa. Kikasoma 33. Nikafungua HWMonitor, ambayo inakupa joto la sasa na la juu kabisa lililofikiwa, halafu Cinebench R23, ambayo ina jaribio la nusu saa. Dakika kumi hazitoshi. Kasha na kila kilichomo vinachukua muda kupata moto, na mteja wako hachezi dakika kumi. Mashine ikagusa 100 dakika ya sita. Jasho linanitoka ila nikafurahi, maana kitu usichoweza kukiona kikitokea mbele yako huwezi kujua kama umekitengeneza.

Kabla ya kugusa kitu kuna kipimo kimoja cha bure ambacho nawaomba mkishike. Toa mfuniko wa pembeni, elekeza feni ya mezani ndani, rudia jaribio. Joto likishuka sana, shida yako ni hewa: haiingii au haitoki. Likishuka kidogo tu, shida iko pale hitisinki inapokutana na prosesa. Yangu ilishuka nyuzi 3. Basi nikajua pa kuanzia.

Hitisinki ya Intel inayokuja na boksi inashikwa na miguu minne ya plastiki inayobonyezwa kwenye madabodi. Mguu mmoja ulikuwa umefyatuka. Barabarani, mashine imelalishwa chini ya mabegi, matuta ya kutosha, na huenda tangu mwanzo mguu ule haukuingia vizuri. Hitisinki ikainuka upande mmoja, chini yake pakabaki hewa, na hewa ni kipitishaji kibaya sana cha joto. Ukirudisha miguu hii, bonyeza kwa kukatisha, wa kona hii kisha wa kona inayoikabili, usikie "tak" ya kila mmoja, halafu geuza madabodi uangalie kwa nyuma kama ncha zote nne zimetokeza. Nilibonyeza ule mmoja tu, nikapima tena: 86.

Angalia hiyo namba. Chumba 33, jumlisha ile tofauti ya 52 ya mwanzo, unapata 85. Yaani nilikuwa nimerudi kwenye mashine ileile niliyoiuza. Ningeweza kuifunga nikairudisha. Lakini 86 kwenye chumba cha 33 itakuwa 88 kwa kijana, na vumbi la miezi sita likiingia tunapigiana simu tena.

Nikatoa hitisinki. Pesti ilikuwa ya kale, imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta, na katikati ya mapezi ya hitisinki vumbi limegandamana kama blanketi. Mashine ile nilikuwa nimeifuta kwa nje iking'aa! Ndani sikugusa. Mtumba unaonunua umeshaishi ofisini kwa watu miaka mingi, hesabu kwamba pesti yake imekwisha kazi. Badilisha kila mara, usiulize.

Kuifuta tumia alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, prosesa na hitisinki vyote, hadi uone chuma kinang'aa. Pesti mpya weka tone moja katikati, kiasi cha punje ya choroko kwa prosesa ya ukubwa huu. Ukibana hitisinki itajitandaza yenyewe. Kazi ya pesti ni kujaza vijibonde vidogo ambavyo macho hayavioni, kwa hiyo kuipaka nene kama siagi kwenye mkate kunakuharibia. Wapo mafundi wanaopaka dawa ya meno. Itapoza siku chache, kisha maji yake yanakauka na unabaki na chokaa. Ukinunua hitisinki mpya, igeuze uangalie chini kama kuna karatasi ya plastiki ya kuilinda. Itoe. Mnacheka, lakini nimeshaikuta karatasi hiyo ndani ya mashine iliyokuwa ikifanya kazi.

Vumbi puliza na blowa, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, upepo wa blowa unaweza kuyazungusha kasi kuliko yanavyotakiwa ukaua feni.

Kwa wale wa AMD wenye soketi ya AM4, sikilizeni vizuri hapa. Miguu ya umeme iko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inaishika hitisinki kama gundi. Ukivuta kwa nguvu kuelekea juu, prosesa inang'oka nayo na miguu inapinda. Washa mashine kwanza dakika kumi ipate joto pesti ilainike, zima, chomoa waya, halafu zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia mpaka iachie ndipo uinue.

Baada ya pesti na vumbi: 78.

Likabaki suala la hewa, na hapa niliona aibu maana ilikuwa kazi ya mikono yangu. Feni ya nyuma niliifunga kinyume. Ilikuwa inaingiza hewa badala ya kuitoa. Upande wa feni wenye fremu ya kushikilia mota, ile kama msalaba, ndiko hewa inakotokea. Ukiwa na wasiwasi chukua kipande cha tishu, kisogeze: kikivutwa hewa inaingia, kikisukumwa inatoka. Mpango wa kawaida ni mbele na chini iingie, nyuma na juu itoke, kwa sababu hewa ya moto inapanda. Nikaigeuza, nikaongeza feni moja mbele ya kuvuta hewa, na waya zote nikazibana nyuma ya madabodi. Jaribio la nusu saa, chumba 33: nyuzi 72.

Hili la makasha ya kioo niliseme, ingawa najua ndiyo yanayouza. Kasha lenye kioo kizima mbele linavutia kwenye picha, lakini hewa ya kuingia inapita kwenye vijitobo vya pembeni tu. Kwa bei hiyohiyo unapata lenye wavu mbele. Mimi sasa nauza ya wavu, na taa naziweka ndani zinaonekana tu. Mteja akilazimisha kioo namuuzia, ila namwambia.

Hatua ya mwisho haikunigharimu hata senti. Kwenye mipangilio ya kadi ya NVIDIA kuna sehemu ya kuweka kikomo cha fremu kwa sekunde. Skrini za kijana zinaonyesha fremu 60 tu, lakini mashine ilikuwa inajitesa kutengeneza 110 na zaidi. Fremu za ziada zinaishia kuwa joto. Nikaweka kikomo 60, na kwenye gemu lenyewe prosesa ikakaa 61. Nyingine ya namna hiyo: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kikomo cha juu cha prosesa kikitolewa 100% kikawekwa 99%, prosesa inaacha kujipandisha mwendo wa ziada. Joto linashuka vizuri, mwendo nao unapungua kidogo. Hiyo naiacha kama ya dharura, kwa mteja aliye mbali na fundi. Usiiweke kimyakimya ili upate picha nzuri ya tangazo, huo ni wizi.

Na kabla hujaanza kubishana na mteja wa mashine mpya, jua kwamba vikomo havifanani. Ryzen za mfululizo wa 7000 zimetengenezwa ziweze kufanya kazi hadi 95 zikibanwa sana, kwa hiyo 95 ya pale si 95 ya prosesa ya zamani. Tafuta kikomo cha prosesa yako kwenye ukurasa wa kiwanda, ukiandike kwenye daftari la stoo.

Laptop ni habari ileile kwenye sehemu finyu. Vumbi na pesti ndivyo vinavyoziua nyingi, na zinavuta hewa kwa chini. Mteja anayechezea kitandani juu ya godoro anaziba pua ya mashine. Mwambie wakati unamuuzia, usisubiri arudi.

Turudi kwenye hela. Basi kwenda na kurudi 20,000. Stabilaiza nilimrudishia yote 65,000, maana ilikuwa ushauri wangu. Feni mbili, moja ya mashine hii na nyingine niliituma kwa ajili ya ile iliyobaki kwake, 24,000. Pesti 15,000. Jumla 124,000. Faida yangu kwenye mashine mbili ilikuwa 180,000. Nilibaki na 56,000 na wiki mbili za kutolala. Feni na pesti ndivyo vilivyohitajika tangu mwanzo, 39,000 tu, na bei ya mashine ingeweza kuzibeba.

Nilichobadilisha tangu hapo. Kila mashine inapimwa mchana, kiyoyozi kimezimwa, nusu saa, kipimajoto cha chumba kikionekana kwenye picha pamoja na skrini. Tangazo langu linaandika hivi: "Imepimwa nusu saa, chumba nyuzi 33, prosesa haikuvuka 72. Pesti mpya." Wanaojua kompyuta wanaamini haraka, na wasiojua wanauliza maana yake, mazungumzo yanaanza hapo. Kabla ya kukubali hela namuuliza mteja maswali mawili: itakaa wapi, na chumba kina dari? Akisema kabatini, namwambia mgongo wa kabati utolewe. Na akisema "CPU inapata moto" namuuliza kwanza ni boksi zima au prosesa, maana kwetu watu wengi boksi zima ndiyo CPU, na mara nyingine anachokigusa ni hewa ya kadi ya gemu inayotoka nyuma, ambayo ni haki yake kuwa ya moto.

Mzigo wa mkoani hitisinki ikiwa kubwa, zile za mnara, naitoa pamoja na kadi ya gemu, nazifunga peke yake na kumwelekeza mteja kwa video namna ya kuzirudisha. Hitisinki ndogo inabaki ndani, lakini najaza sponji kuizunguka na naandika kwa maka nyekundu juu ya mfuniko: TOA SPONJI KABLA YA KUWASHA. Mteja akipokea, kabla ya kitu chochote anafungua pembeni, anabonyeza miguu minne mmoja mmoja, ananitumia picha ya joto la siku ya kwanza. Garantii yangu inaanza kuhesabiwa kwenye picha hiyo.

Yule kijana mashine zake zinacheza 66 saa nane mchana, kabati lake amelikata mgongo. Maneno yake chini ya lile tangazo bado yapo, ila ameongeza mstari: "Alirudisha hela ya stabilaiza na mashine imepona." Mwezi wa sita akaagiza ya tatu.